Majina ya Miungu ya Kale Katika Majina ya Watu: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Wakatoliki wa wilaya ya Karatu huwabatiza watoto wao kwa majina kama Dionisi, Martini, Apolinari, Demetria, Saturnini, Isidori na Flora. Baada ya jina hilo la kwanza hufuata jina la baba au la ukoo, na kwa kuwa wakazi wengi wa wilaya hiyo ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, mara nyingi jina hilo la pili ni la Kiiraqw: Hhando, Slaa, Qambalo, Tluway. La kwanza watu huliita jina la dini. La pili huliita jina la nyumbani. Hakuna anayetia shaka kwamba la kwanza ni la Kikristo na la pili ni la wazee. Lakini tukilichimbua jina la dini mpaka kwenye mzizi wake, twakuta kwamba nalo pia ni la wazee, ila ni wazee wa watu wengine: Wayunani na Warumi wa kale, waliowaita watoto wao kwa majina ya miungu waliyoitambikia.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, kueleza jinsi majina hayo yalivyoundwa na jinsi yalivyofika kwetu. Pili, kuyalinganisha na majina ya asili ya hapa kwetu yanayotaja miungu au mizimu, ili ionekane kwamba desturi yenyewe si ngeni. Tatu, kujadili tatizo la tahajia ambalo huwasumbua wafasiri, walimu na makarani wa serikali, na ambalo wakati mwingine humgharimu mwananchi haki yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno mawili. Katika makala haya, Wayunani ni wale wa kale, kama Biblia ya Kiswahili inavyowaita. Wagiriki ni watu wa nchi ya leo. Na neno Mungu lenye herufi kubwa ni jina la Mungu mmoja, hali mungu lenye herufi ndogo, pamoja na wingi wake miungu, ni nomino ya kawaida. Mwandishi asiyeitunza tofauti hiyo humvuruga msomaji tangu ukurasa wa kwanza.

Jinsi majina yalivyoundwa

Wayunani na Warumi walikuwa na njia chache tu za kulitoa jina la mtu katika jina la mungu, nazo ni rahisi kueleweka kwa msemaji wa Kiswahili.

Njia ya kwanza ni ya umilikaji. Wayunani waliongeza mwisho -ios, wenye maana iliyo karibu na ile ya kihusishi chetu "wa". Hivyo Dionysios ni "wa Dionysos", mungu wa mvinyo. Demetrios ni "wa Demeter", mungu mke wa nafaka na mavuno. Apollonios ni "wa Apollo". Warumi walifanya vivyo hivyo kwa miisho -inus, -ius na -arius: Martinus ni wa Mars, mungu wa vita, Saturninus ni wa Saturnus, mungu wa kilimo, Jovinus ni wa Jupiter, Januarius ni wa Janus, mungu wa milango na mianzo.

Njia ya pili ni ya zawadi. Neno doron kwa Kiyunani ni zawadi, na kwa hiyo Isidoros ni "zawadi ya Isis", mungu mke wa Misri ambaye ibada yake ilienea mno miongoni mwa Wayunani na Warumi. Artemidoros ni zawadi ya Artemis. Njia ya tatu ni ya uzazi: Diogenes ni "mzawa wa Zeus", na Hermogenes ni "mzawa wa Hermes". Njia ya nne ni kumpa mtu jina la mungu lenyewe bila kuongeza kitu. Ndivyo yalivyo majina ya Diana, mungu mke wa mawindo. Flora, mungu mke wa maua. Na Silvano, ambalo ni Silvanus, mungu wa misitu.

Jina la namna hii lilikuwa na kazi maalumu. Lilikuwa shukrani ya mzazi aliyeomba mtoto akapata, au amana ya mtoto kwa mlinzi asiyeonekana. Mkulima aliyemwita mwanawe Demetrios alikuwa akiikumbuka nafaka yake ghalani.

Jinsi majina hayo yalivyobatizwa

Msomaji atauliza: yawezekanaje Wakristo, walioikataa miungu hiyo kwa gharama ya maisha yao, wakayabakiza majina yake? Jibu ni kwamba jambo hilo liliwashughulisha Wakristo wenyewe tangu mwanzo, wala hawakulijibu kwa namna moja.

Katika Agano Jipya, Apolo wa Iskanderia, Dionisio wa Areopago, Epafrodito, ambaye jina lake limetokana na Aphrodite, na Fibi, aliyeitwa kwa jina la sifa la Artemis, wote hutajwa kwa heshima na hakuna aliyeambiwa abadili jina. Tena yuko Demetrio, mfua fedha wa Efeso, aliyechochea ghasia kwa kuitetea biashara yake ya vihekalu vya Artemi. Jina lake lilikuwa la mungu mke mmoja na riziki yake ilitoka kwa mungu mke mwingine. Lakini katika Waraka wa Tatu wa Yohana yuko Demetrio mwingine, ambaye ni Mkristo na husifiwa kwa wema wake. Jina ni lilelile. Wanaolibeba ndio wanaotofautiana.

Katika karne ya 3, askofu wa Iskanderia aliitwa Dionysius. Maandishi yake yaliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebius yasema kwamba waumini wengi wa siku zake waliwapa watoto wao majina ya Paulo na Petro. Askofu huyo aliyeiona desturi mpya ikichipuka alikuwa mwenyewe na jina la mungu wa mvinyo, wala hakuliacha. Ni yeye pia aliyeandika habari za mfiadini Apollonia, aliyeuawa Iskanderia mwaka 249 baada ya kung'olewa meno. Mwanamke huyo alikufa akikataa kuikiri miungu, naye alikuwa na jina la Apollo.

Wengine walichukua njia tofauti. Eusebius huyohuyo asimulia habari za Wakristo kutoka Misri waliokamatwa Kaisaria mwaka 310. Walipoulizwa majina yao na hakimu, walijitaja kuwa ni Eliya, Yeremia, Isaya, Samweli na Danieli, kwa kuwa waliyakataa majina ya sanamu waliyopewa na wazazi. Na mwaka 533, padri mmoja wa Roma aliyeitwa Mercurius alichaguliwa kuwa Papa. Akaona haifai mkuu wa Kanisa kuitwa kwa jina la mungu wa biashara, akajiita Yohane wa Pili. Naye ndiye Papa wa kwanza anayejulikana kubadili jina kwa ajili ya cheo hicho. Zaidi ya miaka elfu na mia nne baadaye, kijana mmoja mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, Farrokh Bulsara, alipokuwa mwanamuziki Uingereza alijichagulia jina lilelile ambalo Papa alilitupa, na ulimwengu ukamjua kama Freddie Mercury.

Kwa jumla, basi, waliobakiza walikuwa wengi kuliko waliobadili. Kila mfiadini aliyekufa na jina lake alilipatia maana mpya. Waumini wa baadaye walipomwita mtoto Martini hawakumkumbuka Mars hata kidogo. Walimkumbuka Martini wa Tours, askari aliyelikata joho lake vipande viwili akampa maskini kimoja, na aliyefariki mwaka 397. Mzizi ulibaki ardhini. Kilichoonekana ni mti mwingine.

Njia zilizoyaleta kwetu

Majina haya yalifika Afrika ya Mashariki kwa njia nne, na kila njia iliacha alama yake katika tahajia.

Njia ya kwanza ni ya daftari la Kilatini. Wamisionari wa Kikatoliki waliofika nchi ya Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika ubatizo kwa Kilatini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, ilimwagiza paroko ahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo. Na wazazi wakishikilia jina lao, yeye aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Kwa hiyo kalenda ya watakatifu ndiyo iliyokuwa ghala la majina, na kila mwenye kuzaliwa karibu na tarehe 9 Oktoba aliweza kuwa Dionysius. Wairaqw walipohama kutoka nyanda za juu za Mbulu na kuienea Karatu, majina hayo yalihama nao. Katika jimbo la Mbulu, lililoundwa mwaka 1953 na ambalo Karatu imo ndani yake, utaratibu huo uliendelea hadi ulipolegezwa na sheria mpya ya mwaka 1983. Kanuni ya 855 ya sheria hiyo yataka tu kwamba jina lisiwe kinyume cha hisia za Kikristo. Tangu hapo jina la Kiiraqw au la Kimasai laweza kusimama peke yake mbele ya kisima cha ubatizo. Hata hivyo wazazi wengi bado hupenda jina la mtakatifu.

Njia ya pili ni ya Biblia ya Kiswahili. Biblia iliyochapishwa mwaka 1952 ilikuwa na utaratibu wake: ilifuata matamshi ya Kiyunani na kuacha konsonanti ya mwisho. Humo twasoma Zeu, Herme, Artemi, Apolo, Dionisio, Demetrio na Yulio. Waprotestanti walipenda njia hii. Jina la Apolo, kwa mfano, lilistawi sana Uganda, kuanzia kwa Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda, na Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyeipeleka Injili Boga katika Kongo ya mashariki, mpaka kwa Rais Apolo Milton Obote.

Njia ya tatu ni ya shule na ofisi za Kiingereza, iliyotupatia Denis, Martin, Diana na Victoria. Askofu wa kwanza wa jimbo la Arusha, ambalo Ngorongoro imo ndani yake, aliyeliongoza tangu mwaka 1963 hadi 1989, aliitwa Dennis Durning. Dennis ni Dionysius aliyepitia Ufaransa na Uingereza.

Njia ya nne ni ya pwani, nayo ni kongwe kuliko zote. Wanajimu na mabaharia wa Kiswahili walizipokea sayari kwa majina ya Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Ulaya sayari hizohizo huitwa kwa majina ya Mercurius, Venus, Mars, Jupiter na Saturnus. Hivyo binti wa Tanga aitwaye Zuhura na binti wa Ulaya aitwaye Venus wana jina la nyota moja, japokuwa hakuna aliyemwiga mwenziwe. Miezi nayo imekuja na miungu yake: Januari ni wa Janus, Machi wa Mars, Juni wa Juno. Mtoto aitwaye Januari kwa sababu alizaliwa mwezi huo amelipata jina la Janus kwa mlango wa nyuma.

Majina ya hapa kwetu

Mtu asidhani kwamba desturi ya kumwita mtu kwa jina la mungu ililetwa na meli. Katika wilaya ya Ngorongoro uko mlima wa moto ambao Wamasai huuita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Neno Enkai, au Engai, kwa Kimasai ni Mungu, na hilohilo ni mbingu na ni mvua. Lengai ni "wa Enkai", nalo hutumika pia kuwa jina la mwanamume. Tukiliweka karibu na Dionysios, "wa Dionysos", twaona kwamba muundo ni mmoja: jina la mungu na alama ya umilikaji, basi. Lugha hizo mbili hazina udugu wowote, lakini akili ya mwanadamu imepita njia moja.

Wairaqw nao humjua Looaa, ambaye jina lake ndilo neno la jua, na husemwa habari zake kama mama. Kando yake kuna roho wa maji na ardhi, waitwao netlaamee. Majina ya Kiiraqw hupenda kukumbuka hali ya kuzaliwa. Tluway ni mvua. Na katika nchi ambamo mvua ndiyo uhai wa shamba na ng'ombe, jina hilo halitofautiani sana kwa uzito na Demetrios wa mkulima wa Kiyunani.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Buganda. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887, na waliotangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, wamo Yosefu Mukasa Balikuddembe na Ambrosio Kibuuka. Mukasa ni mungu wa ziwa kuu katika imani ya kale ya Waganda, na Kibuuka, nduguye, ni mungu wa vita. Yaliyotokea Iskanderia mwaka 249 yalitokea tena katika Buganda: mtu alikufa kwa imani mpya akiwa na jina la mungu wa zamani, na jina hilo likapanda altareni pamoja naye. Leo Mkristo wa Karatu akimwomba mtakatifu Yosefu Mukasa hamwabudu mungu wa ziwa, kama vile anayemwita mwanawe Dionisi asivyomtambikia mungu wa mvinyo.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1922 huko Butiama alizaliwa mtoto siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua wa Wazanaki. Tarehe 23 Desemba 1943 mtoto huyo, ambaye sasa alikuwa kijana msomi, alibatizwa akaitwa Julius. Ukoo wa Julii wa Roma ulijigamba kwamba chimbuko lake ni Venus, kwa njia ya Aeneas na mwanawe Iulus. Na wataalamu wengi hulihusisha jina lenyewe na Jupiter, mungu wa mbingu, ambaye Warumi walimwomba mvua. Kwa hiyo jina la kwanza na la pili la Baba wa Taifa huenda yanakutana penye wingu moja. Hakuna aliyewahi kumwambia Mwalimu kwamba mojawapo lilimpunguzia imani yake au uzalendo wake.

Neno la uzalendo lina historia yake. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwaamuru wananchi wake waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, na Rais Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Tanzania haikupitisha sheria ya namna hiyo. Ilimwachia kila mzazi uamuzi wake, na matokeo yake ni haya tuyaonayo Karatu: majina mawili yaliyokaa pamoja bila kugombana.

Majina yanayodanganya

Mfasiri na mwalimu wanapaswa kujihadhari na pupa ya kuona miungu kila mahali. Hermenegildi hana uhusiano na Hermes. Ni jina la Kijerumani cha kale, la mwana wa mfalme wa Hispania aliyeuawa mwaka 585. Willibrod, jina linalojulikana sana Karatu kwa sababu ya Dakta Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa hapo tangu 1995 hadi 2010, nalo ni la kaskazini mwa Ulaya, la mmisionari aliyefariki mwaka 739. Venansi haitokani na Venus. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuwinda. Nikodemo, jina la Askofu Nicodemus Hhando aliyeliongoza jimbo la Mbulu tangu 1971 hadi 1997, lina neno nike, yaani ushindi. Wayunani walikuwa na mungu mke aliyeitwa hivyo, lakini hapa neno limetumika kwa maana yake ya kawaida: ushindi wa watu.

Jina la Deus lastahili maelezo zaidi. Kwa Kilatini, Deus ni Mungu mwenyewe. Mtoto hakupewa jina hilo peke yake. Lilikuwa Deusdedit, "Mungu ametoa", jina la Papa wa karne ya 7, nalo lilikatwa shuleni au nyumbani kwa ajili ya wepesi. Sentensi nzima ya shukrani imebaki kiima tu, na kiarifa kimepotea. Kwa upande wa asili, Deus na Zeus ni ndugu: yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa kale sana wenye maana ya anga ing'aayo. Theos, neno la Kiyunani la Mungu lililomo katika Teodori na Teofili, lafanana na hayo kwa sura lakini si la ukoo huo. Mfanano wa sauti si ushahidi wa udugu.

Tatizo la tahajia

Tufikirie mzee mmoja wa kubuni, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Katika daftari la ubatizo ameandikwa Dionysius. Mwalimu wake wa darasa la kwanza aliandika Denis. Katika kitambulisho cha taifa ameandikwa Dionis, na katika hati ya shamba, Dionizi. Yeye mwenyewe hujiita Dionisi. Maadamu yu hai, jambo hilo ni kichekesho. Siku atakapofariki, wanawe watatakiwa wathibitishe kwamba hao watano ni mtu mmoja: watakwenda kwa wakili, wataapa, watalipa, watarudi. Mjane wa Endulen aliye na shauri la namna hiyo hupoteza siku nzima barabarani kwa ajili ya herufi moja.

Kwa miaka mingi cheti cha ubatizo kilikuwa karatasi ya kwanza, na pengine ya pekee, yenye jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa vijijini. Baadaye zikaja daftari za shule, na katika karne hii Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006, na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 2008. Kila chombo huandika kwa uangalifu wake, lakini kila karani huamini kwamba anaijua tahajia sahihi. Mmoja husema sahihi ni ya Kilatini. Wa pili ya Kiingereza. Wa tatu ya Kiswahili, ambayo haipendi konsonanti mwishoni.

Lipo jambo jingine lenye uchungu zaidi. Karani yuleyule anayeitafuta kwa bidii y ya Dionysius mara nyingi haoni taabu kuiondoa h moja katika Hhando, au kuiandika Qambalo kwa k. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina, nazo huandikwa kwa hh, q, x, sl na tl. Herufi hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Kuziondoa ni kulibadili jina, na kumbadili mtu. Ngorongoro ina kumbukumbu ya kosa la aina hiyo: bonde ambalo Wamasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini, liliandikwa na mgeni wa Kijerumani mwaka 1911 kuwa Olduvai, na dunia nzima ikasoma hivyo. Mungu wa Wayunani ametunziwa herufi zake kwa miaka elfu mbili; je, babu wa Karatu hawezi kutunziwa zake kwa safari moja ya ofisini?

Mapendekezo

Ufumbuzi, kwa maoni yetu, umo katika kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa: jina la mtu aliye hai au aliyeishi, na jina la mhusika au mungu katika kitabu. Mwalimu Nyerere alituachia mfano. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar; alipoisahihisha, ilitoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Jina la mhusika alilifanya la Kiswahili. Jina lake mwenyewe, ambalo ni lilelile, aliendelea kulitia sahihi kama lilivyoandikwa siku ya ubatizo wake. Hakukosea hapa wala pale, maana la kwanza lilikuwa kazi ya mfasiri, na la pili lilikuwa mali ya mtu.

Kwa hiyo twapendekeza haya:

1. Jina la mtu lisifasiriwe wala lisisahihishwe. Tahajia iliyo sahihi ni ile anayoitumia mwenyewe katika hati yake ya kwanza ya kisheria. Dionis asifanywe Dionisi kwa kisingizio cha usanifu wa Kiswahili, wala Dionisi asifanywe Denis kwa kisingizio cha usomi.

2. Mahali ambapo hati zinatofautiana, karani aandike umbo moja kuwa jina na maumbo mengine kuwa majina yanayojulikana ya mtu huyohuyo, kabla shauri halijazuka.

3. Majina ya lugha zetu yaandikwe kwa herufi za lugha hizo. Fomu na mitambo ya ofisi iziruhusu hh, q, x, sl, tl na alama ya sauti ya koo pale mwenye jina anapoitumia.

4. Katika vitabu vya historia na fasihi, jina la mungu wa kale liwe na umbo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfasiri wa maandiko ya dini afuate mapokeo ya Biblia, yaani Zeu, Herme na Artemi. Mwandishi wa kitabu cha shule aweza kuandika Zeus, Hermes na Artemis. Asichanganye.

5. Majina ya sayari yabaki yale yaliyozoeleka katika Kiswahili. Zuhura ni neno letu la tangu zamani. Hakuna haja ya kumwalika Venus.

6. Mwalimu anapofundisha asili ya majina, aweke jina la kigeni na la kienyeji ubaoni pamoja: Dionisi na Lengai, Demetria na Tluway, Ambrosio na Kibuuka. Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na majina matakatifu, na hakuna iliyozaliwa na majina ya kishenzi.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina mengi ya dini yanayotumika Karatu na Ngorongoro yalianza kuwa majina ya miungu, yakatakaswa na maisha ya watu walioyabeba, yakapita katika Kilatini, Kiyunani, Kiingereza na Kiarabu, na hatimaye yakakaa karibu na majina ya Kiiraqw na Kimasai, ambayo nayo yamelitaja jua, mvua na mbingu tangu kale. Wenye kuyachagua ni wazazi. Sisi wa kalamu kazi yetu ni ndogo zaidi: kusikiliza vizuri, kuuliza jinsi jina linavyoandikwa, na kuliandika hivyo. Mtu hupewa jina mara moja, lakini huandikwa mara elfu, na kila anayeliandika ana nafasi ya kulitunza au kulipoteza.